Chakula cha Samaki wa Chumvi

Kila alfajiri, akishatoka msikitini na kabla hajagusa chai, Aboubacar alifungua friza, akatoa mfuko bapa ulioganda kama kigae, akavunja kipande cha ukubwa wa kiberiti, akakipeleka puani. Hakuwa na haraka. Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akaitoa taratibu, kama mtu anayenusa utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kisha alisema neno moja, "Safi," akakitia kipande kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana na kuifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli. Mkewe Saliha, aliyekuwa akikanda unga wa chapati pale pale uani, hakuhitaji saa. Akisikia "Safi," alijua wakati wa kuweka chuma motoni umefika.

Jumatatu ile Aboubacar alivunja kipande, akakinusa, akasema "Safi," na Saliha akaacha unga.

Harufu ilikuwa imemfikia hata yeye, hatua nne kutoka kwenye friza. Ilikuwa harufu ya kamba waliooza, ile inayokaa kooni kabla haijafika puani. Umeme ulikatika Jumamosi usiku, ukarudi, ukakatika tena Jumapili mchana kutwa, na vitu ndani ya friza vikayeyuka vikaganda upya. Saliha alikwisha kutupa nyama yake. Mfuko wa mumewe hakuugusa. Ni nani angemfundisha Aboubacar habari za harufu?

"Baba Soumaya," alisema, "ngoja kwanza. Huo mufuko si uko na harufu?"

"Harufu gani?"

Hapo Saliha alifanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Neno lilimtoka lenyewe.

"Ya mafuta ya taa. Naona kama yalimwagika karibu ya friza."

Aboubacar akafungua chupa, akainamisha uso, akavuta pumzi kama kawaida yake, macho yamefumba. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko siku zote.

"Ee," alisema mwishowe. "Kweli. Mafuta ya taa. Mama Soumaya, umeniharibia kazi."

Katika nyumba ile ya Buyenzi hapakuwa na tone la mafuta ya taa tangu walipoacha jiko la utambi, binti yao Soumaya akiwa bado shule ya msingi. Paka wa jirani akaja, akanusa kipande kilichomwagwa kando ya shimo la maji machafu, akarudi nyuma hatua mbili, akaenda zake. Aboubacar hakumwona. Alikuwa akiukunja mfuko mzima kuutupa.

Aboubacar alikuwa fundi bomba. Miaka kumi na minne nyuma aliitwa kwenye kliniki ya meno ya Docteur Fortunat, kule Kibenga, kuziba bomba lililokuwa likivuja nyuma ya tangi la samaki, na hakuondoka tena. Tangi lilikuwa refu kama kitanda cha mtu mzima, limewekwa kwenye chumba cha kungojea ili wagonjwa walitazame wasahau sauti ya mashine. Ndani yake waliogelea samaki waliokuja kwa ndege kwenye mifuko ya maji: wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wa buluu, na mmoja wa njano, bapa kama sahani. Ziwa lilikuwa pale karibu, lakini maji yake hayakuwafaa. Aboubacar aliwatengenezea bahari yao kwa chumvi ya gunia, akaipima kwa kipimo kidogo cha kioo, na chakula chao akakitengeneza nyumbani kwa mkono wake. Docteur alipenda kuwaambia wagonjwa, "Mimi mashine yangu ya kupima chakula ni pua ya mzee Abou."

Mwezi uliopita samaki mmoja wa buluu alikufa. Wiki mbili baadaye akafa wa pili. Docteur alisema kwa upole, kama alivyozoea kusema jino likiwa haliponi, kwamba wakiendelea kufa atalitoa tangi na kuweka televizheni. Aboubacar alileta habari hiyo nyumbani huku akicheka. Wali wake aliuacha nusu sahani.

Asubuhi ile, mumewe alipokwisha kuondoka na chupa tupu, Saliha alikaa kwenye kigoda huku unga ukimkaukia vidoleni. Alihesabu miezi. Zamani Aboubacar alikuwa akifika mlangoni tu anasema, "Leo umeweka iliki," au, "Nani amekuunguzia kitunguu?" Tangu Ramadhani hakuwa amesema neno juu ya chakula chake, zuri wala baya. Alikula kama mtu anayejaza karatasi za ofisini. Saliha alikuwa amefikiri mengi. Alifikiri kuna mahali pengine anapokula. Alifikiri amechokwa. Kwa miezi saba alikuwa akinusa mashati ya mumewe kabla ya kuyaloweka, akitafuta manukato ya mwanamke mwingine, na kila mara alikuta jasho na kamba tu.

*

"Papa hasikii harufu," alisema Soumaya jioni ile, bila kupunguza sauti. Alikuwa akisomea uuguzi, na kila siku alirudi kutoka shuleni Kamenge na ugonjwa mpya mdomoni. "Yale mafua ya Ramadhani, mama. Tulisoma. Mutu anaweza kuamka hana pua kabisa. Kwa wengine inarudi, kwa wengine apana."

"Nyamaza."

"Si naeleza tu. Siku ile uliunguza maharage, watu wa avenue nzima walikuja kuuliza, yeye alikuwa amekaa pale anasikiliza redio."

"Nimesema nyamaza. Kama hajasema mwenyewe, wewe usimusemee."

"Sasa samaki watamusemea."

Ndiyo sababu, Aboubacar alipoingia na mfuko wa kamba walionunuliwa upya kwa pesa za Docteur, Saliha aliupokea kabla hajauweka chini.

"Leo acha nitengeneze mimi. Niliharibu mimi, si ndiyo? Wewe nenda kapumzike."

Aboubacar alisita. Miaka kumi na minne hakuna mtu mwingine aliyewahi kugusa kazi ile. Lakini kulikuwa na kitu usoni mwake, kama mtu aliyebeba mzigo mrefu akasikia mwenzake ameushika upande wa pili.

"Usipike," alisema. "Hata maji ya moto usitie. Kamba, ngisi, kome. Usiweke ndagala, hata wawe wabichi namna gani. Samaki wa bahari ukimzoesha wa ziwa anadhoofika. Kitunguu saumu punje mbili. Majani ya bahari yako kwenye kabati, yale makavu kama karatasi nyeusi. Unga wa kugandisha kijiko. Matone ya vitamini utatia mwisho."

"Nimekuona ukifanya tangu Soumaya hajaanza shule."

"Kuona ni kuona," alisema Aboubacar, akaenda msikitini.

Saliha alifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Aliwamenya kamba mmoja mmoja, akautoa ule uzi mweusi wa mgongoni, akampa Soumaya ngisi akate. Kisha, kama alivyofundishwa na mama yake, akawatia kwenye beseni, akakamua ndimu tatu, akanyunyiza chumvi, akawasugua vizuri, akawasuuza, akarudia. Hakufikiri kwamba ameongeza kitu. Hakuna mwanamke wa Buyenzi anayehesabu ndimu kuwa ni kiungo cha samaki. Ni sehemu ya kuosha, kama maji. Samaki mwenye shombo akiingia jikoni, aibu ni ya mwenye jiko.

"Mama," alisema Soumaya akizungusha mashine ya kusagia nyama iliyofungwa kwenye ukingo wa meza, "samaki wa Docteur wanakula ngisi. Sisi leo tunakula nini?"

"Mboga ya lengalenga."

"Kesho nami nitaingia kwenye tangi."

Walicheka. Rojo lililotoka lilikuwa la waridi, laini. Saliha alilichanganya na majani na kitunguu saumu, akatia matone, akalimimina kwenye mifuko ya nailoni, akalisukuma kwa kifimbo cha chapati mpaka likawa jembamba kote sawasawa, kisha kwa mgongo wa kisu akachora miraba, ili baadaye vipande vivunjike bila taabu. Aboubacar mwenyewe hakuwahi kuchora miraba. Aliporudi aliinua mfuko mmoja kwenye taa, akautazama, akaupeleka puani.

"Safi," alisema.

Saliha aligeuka upande wa ukuta.

*

Jumanne samaki hawakula. Jumatano hawakula. Aboubacar alirudi mchana na chupa yake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu.

"Wanakuja, wanaweka mdomoni, wanatema," alisema. "Yule wa njano hata kuja haji. Amelala pembeni ya jiwe. Uliweka nini, Mama Soumaya?"

"Vyote ulivyosema."

"Na kitunguu saumu?"

"Punje mbili."

"Basi sijui," alisema Aboubacar, na lile "sijui" lilikuwa na uzito usiolingana na ukubwa wake.

Alhamisi asubuhi simu iliita. Alikuwa Chanelle, sekretari wa kliniki. Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Saliha aliisikia kutoka uani.

"Mzee Abou, Docteur anasema leo ulete mufuko wote, si kipande. Anataka kuona mwenyewe. Na usichelewe, saa nne ana operesheni."

"Nakuja nawe," alisema Saliha, akiwa tayari anatafuta mtandio wake.

"Uje ufanye nini?"

"Nibebe barafu."

Mafuta ya gari yalikuwa haba wiki ile na basi za Kibenga zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo walitembea. Aboubacar alisukuma baiskeli, ndoo yenye mfuko na barafu ikiwa imefungwa nyuma, na Saliha alishika ndoo kwa mkono mmoja isiyumbe. Karibu na Kibenga, nyumba zilipoanza kuwa na kuta ndefu na maua yanayomwagika juu ya kuta, Saliha alisimama akapangusa vumbi kwenye viatu vyake kwa ncha ya kanga.

Katika miaka yote ile hakuwahi kuingia kwenye kliniki ile. Chumba kilikuwa baridi, sakafu yake inang'aa, na watu wanne walikuwa wamekaa wakitazama tangi kama wanavyotazama watu mtoto wa mwenzao anayelala.

"Mama, uko na rendez-vous na Docteur?" aliuliza Chanelle. Alikuwa msichana mwenye kucha ndefu na uso usio na ubaya.

"Apana. Niko naye."

"Aa. Viti ni vya wagonjwa, mama, unisamehe. Na hiyo ndoo isitupe maji kwenye karo za sakafu, mutu ataanguka."

Saliha akasimama karibu na mlango, ndoo mkononi. Aliwaona sasa, wale samaki aliowapikia. Walikuwa wadogo kuliko alivyodhani. Yule wa njano alikuwa ameegemea jiwe, mapezi yake yakienda polepole, rangi yake kama nguo iliyoanikwa siku nyingi juani.

Docteur Fortunat alitoka akiwa na barakoa, akaivuta chini ya kidevu, akampa Aboubacar mkono. Akafungua mfuko. Akanusa mara moja, akainua macho, akanusa tena.

"Mzee Abou. Hii ni ndimu."

Akavunja kipande, akakinusa nacho.

"Ni ndimu kabisa," alisema Docteur.

"Docteur, leta na pilipili na ndizi za kukaanga, tukae tule!" alisema mwanamume mmoja aliyekuwa na shavu lililovimba. Wenzake wakacheka. Yeye naye akacheka, kisha akashika shavu akaguna kwa maumivu, na hapo wakacheka zaidi. Hata Chanelle aliziba mdomo kwa karatasi.

Ndimu tatu. Saliha aliona beseni, aliona mikono yake mwenyewe ikisugua. Alifungua mdomo aseme, Ni mimi, sikujua. Lakini Aboubacar alikuwa amemtazama, na macho yake yalikuwa yakimwomba.

"Ee, Docteur," alisema Aboubacar. "Niliweka kidogo. Kwa ajili ya vitamini."

Docteur hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Mzee, si wewe ulinifundisha? Huyu samaki anatafuta chakula kwa harufu. Ukimwondolea shombo, ni kama umemzimia taa. Wewe mwenyewe uliniambia maneno haya, hapa hapa, nikawa nawaambia watu." Akaurudisha mfuko kwa ncha za vidole. "Labda umechoka. Si vibaya mutu akichoka. Tufanye hivi: mpaka Jumamosi. Kama Jumamosi hawali, kuna mutu wa televizheni nimeshazungumza naye, na wewe tutakuaga vizuri."

"Nimekosa, Docteur."

"Jumamosi," alisema Docteur, akapandisha barakoa.

*

Walikuwa wamekwisha kuziacha kuta ndefu Aboubacar alipofungua mdomo.

"Uliweka ndimu."

"Sikuweka. Niliosha nayo."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ningejuaje? Nimeosha samaki na ndimu tangu sijavunja ungo." Saliha alikuwa akitembea mbele kidogo, na bila kugeuka akasema, "Na wewe ulinusa. Mbele yangu. Ukasema safi. Kwa nini hukusikia?"

Magurudumu ya baiskeli yaliacha kulia. Aligeuka. Aboubacar alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kwenye usukani, na mtu wa pikipiki akampigia honi akampita.

"Mafua," alisema.

"Mafua."

"Bado yananisumbua kidogo."

"Ya tangu Ramadhani?"

Aboubacar alitazama mnyororo wa baiskeli kana kwamba umemwita. Saliha alimngojea. Angetaka kumngojea mpaka jioni, pale pale, lakini alimwona alivyozeeka ghafla katika jua lile, shati limemgandia mgongoni, akamwonea huruma kuliko alivyokuwa na hasira.

"Twende basi," alisema. "Tukichelewa, yule wa duka la kamba atafunga."

Jioni hiyo walitandika mkeka uani, wakaketi wakitazamana, beseni katikati yao. Hakuna aliyesema kazi igawanywe namna gani. Aboubacar alishika kamba wa kwanza, akamgeuza, akatazama kichwa chake na miguu yake, kisha, badala ya kumpeleka puani pake, akanyoosha mkono mpaka puani pa mkewe.

"Huyu?"

Saliha alinusa. "Huyu yuko sawa."

"Huyu?"

"Sawa."

"Huyu?"

"Tupa."

"Tupa kabisa, au uko na wasiwasi?"

"Nina wasiwasi."

"Ukiwa na wasiwasi, ni kutupa," alisema Aboubacar, akamtupa. "Docteur haelewi hilo. Anaona hasara."

Wakaendelea hivyo. Soumaya alitokea mlangoni na daftari lake, akawatazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akarudi ndani bila kusema kitu. Waliwaosha kamba kwa maji baridi peke yake, upesi, mara moja tu. Saliha alijilazimisha. Mikono yake ilikuwa ikitafuta ndimu yenyewe, kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba aliyohama. Shombo likapanda likajaa ua mzima, na mama wa nyumba ya pili akauliza juu ya ukuta, "Jamani, kuna usalama huko?"

"Kuna usalama, dada!" alijibu Saliha. "Tunapikia wagonjwa wa meno!"

Aboubacar alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa hajacheka hivyo siku nyingi. Aliposaga nusu ya rojo alisimamisha mashine, akachota kidogo kwa kidole, akamwonyesha.

"Inanuka namna gani?"

"Vibaya."

"Vibaya namna gani? Niambie vizuri."

Saliha alifumba macho kama alivyomwona yeye akifumba kila alfajiri. Hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo. "Kama chuma kilicholowa," alisema polepole. "Kama chumvi. Kama... kama mikono ya mutoto aliyecheza na sarafu siku nzima. Na chini yake kuna utamu kidogo."

"Utamu uko?"

"Uko."

"Basi ni hapo," alisema Aboubacar kwa sauti ndogo. "Ni hapo kabisa. Ukisikia uchungu juu ya utamu, kome wameharibika. Utakumbuka?"

"Nitakumbuka."

Alikuwa karibu kumwuliza. Na chakula changu mimi, unakisikia? Swali lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini Aboubacar alikuwa amekwisha kuinamia mashine, akizungusha kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, na Saliha akachukua kifimbo cha chapati akaanza kulaza mifuko. Akachora miraba.

*

Jumamosi kliniki ilikuwa imejaa. Wagonjwa wa wiki nzima huja siku hiyo, na mabenchi mawili ya ziada yalikuwa yamewekwa kando ya ukuta. Aboubacar alitumbukiza kipande kwenye kikombe cha maji ya tangi, akakingoja kiyeyuke, akakichuja kwenye chujio la chai. Alifanya yote hayo taratibu, kama siku nyingine, Saliha akiwa amesimama nyuma yake. Docteur alikuwa ametoka na glavu mkononi. Alikuwepo hata yule mwanamume wa shavu, sasa shavu limepungua, amekuja kuangaliwa jeraha.

"Leo hamna ndimu?" aliuliza.

Aboubacar akamimina. Rojo likatawanyika majini, chembe nyekundu na nyeusi zikishuka kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha. Kwa muda hapakutokea kitu. Samaki mmoja wa mistari alitoka kwenye maficho yake, akasimama. Akasogea. Akachukua chembe, na kila mtu chumbani, pamoja na mama mmoja aliyekuwa na pamba mdomoni, akangoja kuona kama ataitema.

Hakuitema. Akachukua nyingine. Wa pili akatoka, wa tatu, wakaanza kukata maji huku na huku, wanagongana, na uso wa maji ukachemka.

"Na wa njano?" aliuliza Saliha. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu aingie.

Wa njano alikuwa bado kwenye jiwe. Chembe ilimpita karibu na jicho. Mapezi yakatikisika. Akajiinua upande, akalala tena, akajiinua. Chembe nyingine ikashuka, akaifuata hadi chini, polepole kama mgonjwa anayejaribu ngazi, akaidonoa.

"Anakula!" alipiga kelele Chanelle, na karatasi zake zikaanguka. "Docteur, uyu naye anakula! Mungu wangu, anakula!"

Watu wakapiga makofi kweli, kama arusini. Docteur Fortunat alicheka kwa furaha, akamshika Aboubacar begani na mkono wake usio na glavu.

"Mzee Abou! Pua yako imerudi! Nilisema mimi ni uchovu tu. Sikiliza, mambo ya televizheni yaishe leo. Na kuna jambo nilikuwa naliweka. Gihosha nafungua kliniki ya pili, mwaka huu huu, na nataka tangi kama hili. Kubwa zaidi. Utalihudumia wewe. Chakula chote kitapita kwenye pua yako kwanza, hapa na kule. Unasemaje?"

Saliha alimtazama mumewe kwa upande. Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamefika mahali pazuri kabisa. Aboubacar alihitaji kusema "asante" tu. Samaki wanakula, Docteur ameridhika, na nyumbani wangeendelea na mkeka wao, yeye ananyoosha mkono, mkewe ananusa, na hakuna ambaye angejua. Saliha alikuwa tayari. Angeweza kuishi hivyo miaka mingine ishirini, na alijua kwamba asingemlaumu.

"Asante, Docteur," alisema Aboubacar.

Kisha hakuondoka. Alikuwa ameshika lile chujio la chai, analigeuza mkononi. Docteur, aliyekwisha kugeuka aende zake, akasimama.

"Kuna nini, mzee?"

"Haijarudi."

"Nini haijarudi?"

"Pua." Aboubacar alikohoa, na aliposema tena sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia, hata wale wa kwenye mabenchi walisikia. "Mi sisikii harufu, Docteur. Tangu Ramadhani. Wale wa buluu niliwaua mimi, niliwapa chakula kilichooza nikasema safi. Hii ya leo ameinusa muke wangu, kamba mmoja mmoja. Jina lake Saliha. Mikono ni yangu, pua ni yake, na ukitaka tangi la Gihosha utatuchukua wawili ao utatuacha wawili." Akageuka kwa mkewe, na sasa alikuwa haongei tena na Docteur. "Hata chakula chako sikisikii. Hata wewe mwenyewe, usiku, nageuka upande wako nanusa, sisikii mutu. Niliogopa kukuambia. Niliogopa utafikiri nimekuchoka."